Namna ya Kumsikiliza Nick Drake kwa Kuanzia Mwanzo Wake

Wengi wetu humfikia Nick Drake kupitia mlango wa uani. Mtu huambiwa kwanza kwamba Mwingereza huyu, mtunzi, mwimbaji na mpiga gitaa, alifariki tarehe 25 Novemba 1974 akiwa na umri wa miaka 26 huku jina lake likijulikana na wachache mno. Kisha huwekewa Pink Moon, albamu yake ya mwisho, na tangu hapo kila wimbo wake anaousikia huugeuza kuwa maombolezo. Mimi mwenyewe niliingia kwa mlango huohuo. Nilitumiwa nyimbo tatu na rafiki, zikiwa na maelezo mafupi kwamba jamaa alikufa kijana, na kwa muda mrefu sikulisikia gitaa lake hata kidogo, kwa kuwa nilikuwa nikisikiliza msiba.

Mwongozo huu unapendekeza uingie kwa mlango wa mbele: uanze nyumbani kwao, upite shuleni, Ufaransa na Cambridge, ufike studio, na mambo ya mwisho uyaache mwisho. Utahitaji jioni nne au tano, hedifoni zinazotoa besi vizuri na, ikiwa unapiga, gitaa kavu lenye nyuzi ambazo hutasikitika moja ikikatika. Nyimbo zenyewe hazina wingi wa kutisha. Drake alitoa albamu tatu tu katika uhai wake, yaani Five Leaves Left (1969), Bryter Layter (1971) na Pink Moon (1972). Ongeza Family Tree, mkusanyiko wa rekodi za nyumbani uliotolewa mwaka 2007, na rekodi za mama yake. Epuka mikusanyiko ya nyimbo teule kwa sasa, kwa sababu huchanganya miaka, na mpangilio wa miaka ndio tunaoutafuta hapa.

Anza na mama. Nick Drake alizaliwa tarehe 19 Juni 1948 mjini Rangoon, Burma, ambako baba yake, Rodney, alikuwa mhandisi katika kampuni kubwa ya mbao za msaji. Mama yake, Molly, aliikimbia Burma wakati Wajapani walipoivamia mwaka 1942 akaenda India, na dada yake Nick, Gabrielle, ambaye baadaye alikuja kuwa mwigizaji, alizaliwa Lahore mwaka 1944. Nick alikuwa bado mtoto mdogo familia iliporejea Uingereza, na mwaka 1952 wakahamia nyumba iitwayo Far Leys katika kijiji cha Tanworth-in-Arden, Warwickshire, si mbali na Birmingham. Katika nyumba hiyo kulikuwa na piano, na Molly alikaa mbele yake akatunga nyimbo zake mwenyewe, ambazo mumewe alizirekodi palepale nyumbani kwa mashine ya kanda. Hakuzitunga kwa ajili ya soko wala jukwaa, na umma ulikuja kuuziwa rekodi hizo baada ya yeye kufariki mwaka 1993. Mbili kati ya nyimbo za Molly zimo pia katika Family Tree.

Zisikilize hizo mbili kabla ya wimbo wowote wa mwanawe, na utege sikio mahali pamoja tu: mwisho wa mstari. Molly haufungi mstari pale unapotarajia. Mkono wake juu ya piano huhamia kwenye sauti yenye kivuli kidogo, naye huimba kwa upole kana kwamba mtu amelala chumba cha pili. Ukisikia jambo hilo mara mbili au tatu, utalitambua tena kwa kijana, isipokuwa yeye anatumia nyuzi sita badala ya piano. Wapo wanaodhani kwamba huzuni ya nyimbo za Nick ilianza na maradhi yake ya baadaye, yaani sonona. Jibu langu kwao ni kwamba wakasikilize kwanza ile piano ya Far Leys, iliyokuwa ikilia hivyo tangu yeye akiwa mtoto mwenye afya njema.

Miaka ya shule unaweza kuipita haraka. Alisoma shule za bweni, kwanza Eagle House huko Berkshire, kisha Marlborough huko Wiltshire, ambako alikuwa mkimbiaji hodari wa yadi 100 na alipiga piano, klarineti na saksafoni. Alikuwa na bendi na wenzake, na inasimuliwa kwamba mwanafunzi mmoja aliyetaka kujiunga alikataliwa kwa kuonekana kuwa wa nyimbo laini mno. Mwanafunzi huyo alikuwa Chris de Burgh, ambaye redio za Afrika Mashariki baadaye zilimpiga kwa miaka na miaka bila kuchoka. Linalofaa kukaa akilini ni kwamba Drake alilifikia gitaa akiwa tayari ni mwanamuziki anayeelewa ala nyingine. Gitaa lake la kwanza alilinunua mwaka 1965 kwa pauni 13. Ndani ya Family Tree utamsikia akipiga klarineti pamoja na ndugu wa familia katika kipande cha Mozart. Ni kipande kifupi tu, lakini kinatosha kuiondoa dhana kwamba alikuwa kipaji kilichoangushwa na mvua, kisicho na mafunzo.

Hatua inayofuata ni Aix-en-Provence, na hapa usiwe na haraka. Mapema mwaka 1967, akiwa na miaka 18, Drake alikwenda kusoma kwa miezi kadhaa katika mji huo wa kusini mwa Ufaransa, na huko ndiko gitaa lilipomteka. Alipiga mitaani na marafiki ili wapate senti za kujikimu, wakasafiri hadi Morocco na kurudi, na akafanya mazoezi kwa saa nyingi kila siku. Baadhi ya rekodi za Family Tree zinatoka katika kipindi hicho, nyingine zilifanywa baada ya kurudi Far Leys, na thamani yake ni kwamba zinawataja walimu wake bila kuficha: ameimba tungo za Bert Jansch, Jackson C. Frank na Bob Dylan, na nyimbo za buluzi zilizokuwa zikipigwa na kila kijana mwenye gitaa katika vilabu vya London.

Zisikilize rekodi hizo kwa njia hii. Mara ya kwanza usishughulike na sauti yake hata kidogo. Fuata kidole gumba cha mkono wa kulia, kinachopiga nyuzi nene. Gonga meza kila kinaposhuka. Utaona kwamba mkono wako umekuwa saa: kidole hakichelewi, hakiwahi, hata pale vidole vingine vinapocheza jambo gumu juu yake. Mara ya pili, bado ukigonga meza, sikiliza uimbaji, nawe utagundua kwamba sauti haifuati gumba, bali inateleza nyuma yake, ikianza mstari mahali ambapo mwimbaji mwingine angekuwa ameshafika katikati. Mambo hayo mawili kwa pamoja, mkono usioyumba na sauti isiyo na haraka, ndiyo saini ya Nick Drake, na yalikuwa yamekwisha kukomaa kabla kampuni yoyote ya kurekodi haijalisikia jina lake. Kanda zenyewe zina mikwaruzo na sauti za nyumbani. Usijaribu kuziboresha kwa vibonyezo vya simu, kwani utaishia kuua besi ambayo ndiyo unayoifuata.

Oktoba 1967 alianza kusoma fasihi ya Kiingereza katika chuo cha Fitzwilliam, Cambridge. Alipenda mashairi ya William Blake na Yeats, ingawa mihadhara haikumvutia sana. Faida kubwa aliyoipata huko ilikuwa Robert Kirby, mwanafunzi wa muziki aliyekubali kumwandikia sauti za fidla na selo. Muda si mrefu, katika majira ya baridi ya 1967 kuingia 1968, Drake alipiga katika ukumbi wa Roundhouse, London, ambako Ashley Hutchings, mpiga besi wa kundi la Fairport Convention, alimwona, akavutiwa, na akampelekea habari Joe Boyd. Boyd alikuwa Mmarekani kijana mwenye kampuni ndogo iitwayo Witchseason, iliyotayarisha muziki na kuutoa kupitia Island Records, na ndiye aliyekuwa akiwatayarisha Fairport Convention wenyewe. Aliomba kanda, akaisikiliza, akamwita.

Hapa panahitaji kuwekwa sawa jambo moja kabla hujaendelea. Drake huitwa mwimbaji wa nyimbo za kijadi za Kiingereza, na jina hilo lilimshika kwa sababu ya majirani zake. Fairport Convention walikuwa wakizichukua tenzi za kale za vijijini na kuzipigia magitaa ya umeme. Drake hakufanya hivyo. Nyimbo zote katika albamu zake tatu ni tungo zake mwenyewe. Ukimwendea ukitafuta ngano za mabaharia na mashujaa utarudi mikono mitupu, lakini ukimwendea kama mtunzi aliyejifunza vidole vyake kwa wapiga gitaa wa vilabu vya kijadi, kila kitu kitakaa mahali pake.

Sasa fungua Five Leaves Left. Ilirekodiwa katika studio ya Sound Techniques, Chelsea, fundi wa sauti akiwa John Wood, na ikatoka mwaka 1969. Usikilize albamu nzima mfululizo siku ya kwanza bila kufanya kazi nyingine. Ni dakika 40 na ushei tu. Siku ya pili rudi kwenye nyimbo nne, kwa utaratibu ufuatao.

Wa kwanza ni Time Has Told Me, unaofungua albamu, ambapo Richard Thompson wa Fairport Convention anapiga gitaa la umeme na Danny Thompson, ambaye hawana udugu, anapiga dabalbesi. Sikiliza jinsi wageni hao wanavyomzunguka Drake bila kumkanyaga, kwa kuwa mkono wake hauwaachii shaka kuhusu pigo liko wapi.

Kisha Way to Blue, ambao hauna gitaa kabisa. Ni sauti yake na fidla na selo za Kirby peke yake. Mwanzoni Boyd alikuwa amemleta mpangaji muziki mwenye uzoefu, Richard Hewson, na Drake, kijana wa chuo ambaye watu walimwona mwenye haya kiasi cha kutoweza kuagiza chai, alizikataa kazi za mtaalamu huyo na kumpendekeza mwanafunzi mwenzake ambaye hakuwa na jina lolote. Hupaswi kuusikiliza wimbo huu bila kulikumbuka hilo. Mtu mpole hivi alijua hasa anachokitaka.

Wa tatu ni River Man, na huu ndio wa kukaa nao jioni nzima. Nyimbo nyingi unazozijua huhesabika kwa nne. Huu unahesabika kwa tano. Weka mkono mezani, anza na kidole gumba, ukishusha kidole kimoja kwa kila pigo hadi kidole cha mwisho, kisha rudi kwenye gumba bila kupumzika: moja, mbili, tatu, nne, tano, moja. Mara mbili za kwanza utapotea pale sauti inapoingia, kwa sababu inaingia kama kawaida yake, yaani pale isipongojwa. Usikate tamaa, shikilia gitaa, iache sauti ielee. Ukishaweza kuhesabu ubeti mzima bila kujikwaa, acha kuhesabu na uzisubiri fidla. Wimbo huu Kirby aliuona umemzidi, hivyo nyuzi zake ziliandikwa na Harry Robinson, mtu wa muziki wa filamu, na Drake hakurekodi gitaa lake peke yake kisha fidla zikabandikwa baadaye; aliketi studio akapiga na kuimba huku kikosi chote cha nyuzi kikipiga pamoja naye. Alikuwa hajafikisha miaka 21.

Wa nne ni Three Hours, wenye ngoma za konga zilizopigwa na Rocki Dzidzornu, Mghana aliyekuwa akifanya kazi katika studio za London. Huu usiuhesabu. Usikilize tu jinsi gumba la Drake na viganja vya Dzidzornu vinavyopokezana, na utaona kwamba gitaa lake, likipata mwenzi wa ngoma, ni ala ya kuchezeka.

Kuna mtego mmoja katika albamu hii, nao ni jina lake. Maneno ya Five Leaves Left yalitoka kwenye pakiti ya karatasi za kusokotea sigara, ambamo kikaratasi humwonya mvutaji kwamba yamebaki majani matano. Kwa kuwa Drake alifariki miaka mitano baadaye, wapo waliolisoma jina hilo kama utabiri, na wakausoma vivyo hivyo wimbo wa Fruit Tree, unaozungumzia sifa inayomfikia mtu baada ya kufa. Huko ndiko kumsoma mtu kinyumenyume. Aliyeutunga ni mwanafunzi wa fasihi aliyeshinda na vitabu vya washairi, na mada ya mshairi anayesifiwa akiwa kaburini ni ya kawaida kabisa kwa kijana wa aina hiyo.

Kwa wanaopiga gitaa, hapa ndipo pa kulishika. Drake alibadilisha mara kwa mara namna alivyozityuni nyuzi zake, na mpangilio wake unaojulikana zaidi, ambao ndio wa wimbo Pink Moon, ni C G C F C E, tukihesabu kutoka uzi mnene hadi mwembamba. Kutoka kwenye mpangilio wa kawaida wa E A D G B E, fanya hivi: shusha uzi wa sita toni mbili, shusha wa tano, wa nne na wa tatu toni moja kila mmoja, pandisha wa pili nusu toni, na wa kwanza usiuguse. Kisha hakikisha kwa sikio: uzi wa sita, wa nne na wa pili zote ni C, kila moja ikiwa juu ya mwenzake kwa oktava moja. Usiiamini programu ya kutyuni ya simu peke yake, maana nyingi huonyesha herufi bila kukuambia oktava. Mara yangu ya kwanza nilizungusha kigingi cha uzi wa nne upande usio wake, nikiifuata ile herufi C kuelekea juu badala ya chini, huku sindano ya kioo ikinipa moyo, hadi uzi ulipokatika na kunichapa kifundo cha mkono. Alama ilikaa siku mbili.

Ukishamaliza, pitisha kidole gumba juu ya nyuzi zote zikiwa wazi. Utasikia kodi (sauti kadhaa zinazolia pamoja) ya C ambayo haijatulia, kwa sababu ile F ya uzi wa tatu inasuguana na E ya juu kabisa. Msuguano huo ndio uliokuwa ukiusikia kwenye piano ya Molly. Kwa Pink Moon ongeza kapo, yaani kibanio cha kubana nyuzi zote, kwenye freti (kile kijiti cha chuma shingoni mwa gitaa) ya pili, halafu usikimbilie wimbo. Piga gumba peke yake kwenye nyuzi nene kwa dakika kumi, polepole, hadi liweze kwenda lenyewe huku ukiongea na mtu. Nyuzi zitakuwa zimelegea na zitagongagonga kwenye freti ukipiga kwa nguvu, na dawa yake ni kupiga kwa wepesi.

Mabadiliko hayohayo ya nyuzi yanaeleza kwa nini kazi yake jukwaani haikwenda. Tarehe 24 Septemba 1969 aliwatangulia Fairport Convention katika Royal Festival Hall, London, na ukumbi ule ulimsikiliza kwa adabu. Katika vilabu na kumbi za kunywea mambo yalikuwa tofauti. Alipiga wimbo, kisha akainama kutyuni upya kwa ajili ya unaofuata, naye hakuwa na mzaha wa kuwatupia watu wakati wakingoja. Kimya kikawa kirefu, watu wakaanza kuongea, na wimbo uliofuata ukaanza katikati ya kelele. Baada ya muda alikaribia kuacha kabisa kupiga hadharani. Ukitaka kuionja shida hiyo, piga mbele ya jamaa zako nyimbo mbili zenye mipangilio miwili tofauti, bila kusema neno katikati. Na usipoteze muda kutafuta video zake: hakuna picha yoyote inayotembea ya Drake akiwa mtu mzima inayojulikana kuwapo, hivyo unachokiona mtandaoni ni picha za mnato, au ni mtu mwingine.

Mwaka huohuo wa 1969 aliacha Cambridge akiwa amebakiza miezi tisa tu kumaliza, akahamia London. Baba yake alimwandikia barua kumsihi abaki, akiieleza shahada kama wavu wa kumdaka akianguka, naye kijana alijibu kwamba wavu ndicho kitu asichokitaka.

Bryter Layter ndiyo albamu ya kijana huyo wa London, nami huipendekeza kwa siku ya mchana yenye jua. Dave Pegg na Dave Mattacks wa Fairport Convention wako kwenye besi na ngoma, kuna vipande vitatu visivyo na maneno, na John Cale, aliyewahi kuwa katika kundi la Velvet Underground, anapiga ala kadhaa katika Northern Sky na Fly. Katika Poor Boy piano inapigwa na Chris McGregor wa Afrika Kusini, aliyekuwa amehama nchi yake pamoja na bendi yake kwa sababu ya ubaguzi wa rangi, na ndiyo piano ninayoirudia kuliko kitu kingine chochote katika albamu hiyo. Wapo wanaolalamika kwamba vyombo ni vingi mno. Nakubaliana nao kwa nyimbo mbili hivi, lakini aliyeanza na piano ya mama na kufuata gumba tangu Aix atalisikia gitaa chini ya vyombo vyote hivyo. Kama ile ya kwanza, albamu haikuuza. Inakadiriwa kwamba hakuna hata moja kati ya tatu iliyofikisha nakala 5,000 zilipotoka.

Sasa ndipo uifungue Pink Moon. Ilirekodiwa Oktoba 1971 kwa usiku mara mbili, Drake na John Wood peke yao studio, nyimbo 11 za dakika 28 zisizo na chombo kingine ila gitaa, isipokuwa piano fupi aliyoiongeza mwenyewe katika wimbo wenye jina la albamu. Isikilize usiku, mara moja, bila kusimama. Inapomalizika, kabla hujavua hedifoni, rudi kwenye rekodi ya kwanza kabisa ya Family Tree uliyoigongea meza, uigongee tena.